Kiko cha jiwe la Sinya hakina maneno ya jana

Babu yangu pale Ilboru alikuwa na viko viwili. Cha mti alikivuta kila jioni. Cha jiwe, kilichoshonewa ngozi kwa nje, hakukitoa mpaka aletewe tumbaku mpya. "Hiki hakina maneno ya jana," alizoea kusema. Nilichelewa sana kumwelewa.

Tumbaku inadhuru, wala simshawishi mtu aanze. Nasema na wanaovuta tayari, hasa wale wanaobadilisha tumbaku kila mwezi wakitafuta ladha, na kumbe kasoro iko kwenye kiko.

Tumbaku ikiungua hutoa mvuke. Mvuke huo usiponyonywa hugeuka maji chini ya bakuli, pale tumbaku inapojazwa, kiko kikaanza kukoroma, moshi ukawa moto na mchungu. Jiwe la Sinya, huko Longido karibu na mpaka wa Kenya, lina vitundu vidogo mno, na hunywa unyevu huo pamoja na lami ya tumbaku. Ndiyo maana kiko cheupe huenda kikipata rangi ya manjano, kisha kahawia, kadiri miaka inavyopita. Wenzetu wa nje huliita mershaumu. Arusha ilikuwa na karakana za kuchonga viko vyake, vikauzwa ng'ambo kwa chapa ya Kiko, neno letu lenyewe. Inaniuma kwamba leo kijana wa hapa hapa akiulizia kiko anapewa pambo la watalii lililopakwa vanishi mpaka ndani. Hapo atavuta vanishi, si tumbaku.

Sikidharau cha mti. Vile vizuri huchongwa kwenye fundo la mzizi wa Erica arborea, mti unaoota pande za Mediterania na hata huku kwetu, kwenye miinuko ya Kilimanjaro. Unastahimili moto. Lakini kikiwa kipya utaonja mti kwanza, mpaka ndani kijijengee utando wa masizi. Na tofauti na cha jiwe, hakisahau: kivutie mara kadhaa Latakia, ile tumbaku iliyokaushwa kwa moshi wa kuni, kisha tia tumbaku aina ya Virginia, ile ya Urambo, Tabora. Utaisikia Latakia bado. Mwenye kiko cha mti na akipende kwa tumbaku ya aina moja.

Kiko cha gunzi la mahindi kina utamu wake chenyewe. Cha udongo hakiongezi kitu, ila kinaunguza vidole.

Upana wa bakuli nao una neno lake, ingawa kwangu si kubwa kama watu wanavyodai. Virginia ina sukari nyingi; ukiivuta kwa pupa huuma ulimi katika kiko chochote.

Julai iliyopita, baridi ya Arusha ikiwa imekaza, nilikitoa kiko cha babu kwenye sanduku na kukijaza Virginia niliyoivuta miaka mingi. Mikupuo ya kwanza tu, ikaja harufu ya majani makavu yaliyopigwa jua. Kwenye kiko changu cha mti sikuwahi kuinusa.