Mama mpole akianza kusema "hapana", mzigo unaenda wapi?

Mwanamke mpole akifika miaka arobaini na kitu, hamsini hivi, halafu akaanza kujijali, utasikia makundi mawili. Moja linashangilia eti "hatimaye!", lingine linanong'ona "siku hizi kabadilika yule". Mimi naona yote yana kaukweli kao ila hayalingani uzito.

Nichukulie mfano wa mama yangu mdogo. Macho yalianza kumsumbua, vya karibu havioni, kitu cha kawaida tu ukivuka 40 maana lenzi ya jicho inakuwa ngumu. Miaka miwili anasoma karatasi ya dawa kanyoosha mkono mpaka mwisho, akishindwa anaita mtoto amsomee, na ndani ya miaka hiyohiyo mume na watoto wawili wamepimwa macho wakapata miwani, na aliyewapeleka wote ni yeye. Hakuna aliyemnyima, hakuomba tu. Hapo ndo wale wa "si angesema" wanapata nguvu na kwa kweli siwezi kuwapuuza, mtu akinyamaza miaka ishirini huku anatabasamu, wenzake watajuaje kachoka? Halafu siku moja anagoma ghafla, lazima washtuke.

Lakini hoja hiyo ina tundu kubwa. Ule ukimya ulikuwa unawafaa. Mkono ulionyooshwa waliuona kila siku, wakasoma ile karatasi, wakarudi kwenye simu zao. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2018 kwamba wanawake wanafanya 76.2% ya saa zote za kazi za matunzo zisizolipwa, yani zaidi ya mara tatu ya wanaume, sasa mgawanyo kama huo haukai miaka yote hivihivi bila kuwa na watu wanaomeza maneno.

Wengine wanakimbilia kusema ni homoni. Sawa, hedhi kwa wengi inakoma kati ya 45 na 55, na hata kabla haijakoma usingizi unakatika na joto linapanda usiku wa manane. Ila mtu asiyelala hana nguvu za ziada za kugawa, hilo halihitaji kuitwa kichaa.

Wanaoshangilia nao nina ugomvi nao kidogo. Wanaongea kama vile ukishasema "hapana" kazi inayeyuka. Haiyeyuki! Mgonjwa bado anataka kugeuzwa kitandani, bili bado zinakuja, na mwanamke aliyezoea kunyamaza mara nyingi anaacha kazi kimyakimya kama alivyoibeba kimyakimya, bila kukaa na mtu na kumwambia "hii sasa ni yako". Hapo ndo kosa naloliona mimi, wala sio ubinafsi.

Mama mdogo alipata miwani yake mwishowe. Akajiunga na kwaya, jumanne na alhamisi jioni hayupo, simu anazima. Anacheka zaidi, nyumba imetulia, mume anajisifu kuwa wamezoea. Ila hizo jioni mbili anayekaa na bibi mgonjwa ni binti yao mkubwa, nilimkuta juzi kabeba beseni la maji huku anasahihisha kazi zake za chuo, nikamuuliza vipi, akasema mbona hamna shida anti.