Jumamosi jioni, simu ya bosi inapatikana?

Nilikuwa saidia fundi kwa miezi saba kabla sijapata kazi ya kuchomekea shati. Kipimo cha kiongozi nilikiokota huko saiti na sijakibadilisha: Jumamosi jioni hela ikikwama, simu yake inapatikana?

Msimamizi wetu wa kwanza alikuwa mcheshi. Alituita wanangu, na jua likizidi alitununulia soda. Lakini malipo yakigoma, anazima simu. Tunakaa juu ya mifuko ya saruji hadi giza linaingia, kila mtu anatunga lake: kaongeza mke, kala hela, katoroka. Jumatatu alikuja na pesa kamili, wala hatukumshukuru. Baada ya hapo nondo zikaanza kupata miguu.

Wa pili alikuwa mkavu, salamu yenyewe ya kuhesabu. Jumamosi moja alitukuta saa nne kwenye chai na chapati. "Wazee, mwenye nyumba hajatoa hela. Nina laki na nusu hapa. Gawaneni ya nauli na ya unga, mimi sichukui. Jumatano nitakuja, niwe nayo nisiwe nayo." Akafungua daftari, akasoma anachodai kila mmoja, kwa sauti, wote tunasikia. Jumatano akaja mikono mitupu, akasema sina. Ijumaa akalipa. Siku ya kumwaga slabu mvua ilitishia, tukapiga zege hadi saa saba usiku bila mtu kuuliza ya ziada.

Siku hizi maofisini watu wanapelekwa Bagamoyo kuvuta kamba wakiwa na fulana zinazofanana, eti wajenge timu. Sina ugomvi na kamba, na pweza wa kule ni mtamu. Ila mimi naangalia makali yanapokuja, nani anakatwa kwanza. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kwenda JKT, wakanyooshea kidole mishahara ya wakubwa. Mwalimu Nyerere aliwatimua, na hapo simtetei. Lakini hoja ya mishahara ilimwingia: alikata wa kwake kwa asilimia 20.

Mwezi uliopita mshahara wetu ulichelewa siku tisa. Siku ya sita tukabandikiwa tangazo mlangoni: "sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Nilitafuta chini jina la aliyeandika. Palikuwa na muhuri tu.