Karatasi ya Leeds, kaveera ya Busia

Jumanne iliyopita simu iliita nikiwa naosha sufuria. Alikuwa nesi wa kliniki yangu hapa Leeds, sauti ya pole kama ya mtu anayeleta habari za msiba. Majibu ya damu yametoka, vitamini D yako, ile ambayo ngozi huitengeneza kwa jua, iko chini mno. Nikacheka. Akanyamaza, nadhani alidhani nalia. Mimi wa Busia ya Uganda, mahali ambapo ukianika mukene, yaani dagaa, asubuhi saa nane unawaanua, leo naambiwa nimepungukiwa na jua!

Ila ndivyo ilivyo. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la Uingereza ni la kutazama tu. Serikali yao wenyewe inashauri kila mtu afikirie kumeza maikrogramu 10 za vitamini D kila siku miezi hiyo, na sisi wenye ngozi nyeusi wanatuambia mwaka mzima. Nikaenda dukani, kopo dogo, pauni tatu na chenji. Nilipomweleza Mama, akalibatiza papo hapo: vidonge vya jua. Kisha akauliza jua lenyewe huku wamelifungia wapi.

Ningeishia kucheka. Lakini jioni ile ile mdogo wangu akanitumia sauti kwenye WhatsApp. Mama naye kanunua vidonge. Vya mifupa. Shilingi 280,000.

Wenye wazee waliofika miaka 80 mnaijua ile 25,000 ya kila mwezi ya serikali na namna inavyosubiriwa. Piga hesabu: ni zaidi ya miezi kumi na moja ya pesa hiyo, imeyeyuka alasiri moja chini ya mwembe, kwenye kikao cha kikundi cha akiba. Na Mama hana miaka 80, ana 68, hiyo ya serikali haimhusu. Pesa aliyotoa ni ya mukene. Anauza mukene sokoni, kikombe kwa kikombe, samaki anayetafunwa mzima na mifupa yake yote, na faida ya hapo ndiyo iliyonunua kalsiamu ya kopo.

Mnajua wauza vidonge hawa wanavyokuja. Kijana wa tai, laptopu, na ile mashine. Unashika chuma kinene kama kalamu kilichofungwa waya, dakika moja tu, na kompyuta inatema kurasa: figo, ini, moyo, ubongo, macho, mpaka “sumu mwilini”. Kupima ni bure. Siku hiyo walishika chuma wanawake kumi na wanne na wote kumi na wanne wakakutwa mifupa yao imelegea, akiwemo binti wa miaka 19 aliyekuwa ameleta viti tu. Jamani. Wingi wa mifupa hupimwa kwa eksirei maalumu, vitamini D hupimwa kwa damu. Chuma cha kushika kiganjani hakijui hata kama umekula.

Pesa ningesamehe. Nisichosamehe ni kwamba yule kijana alimwambia Mama aweke pembeni kwanza vidonge vya presha, mwili “usafishike”. Akaviweka pembeni wiki tatu. Kizunguzungu kilipoanza, akaambiwa ndiyo sumu inatoka. Mdogo wangu alipomburuta kwenda kupimwa, presha ilisoma 190 kwa 110.

Sasa nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtanielewa. Ninafanya kazi kwenye makao ya wazee. Kila mzee tunayemhudumia ana karatasi, na kwenye karatasi hiyo kila kinachoingia mdomoni kama dawa kimeandikwa: jina, kipimo, saa, na herufi za aliyempa. Vitamini ni dawa, kopo la dukani ni dawa. Kuna bibi mmoja anameza dawa ya tezi asubuhi na kalsiamu baadaye, na ole wako uvichanganye, lazima viachane angalau saa nne, la sivyo kalsiamu inaizuia ile ya tezi isiingie mwilini. Nilipoanza kazi niliona ni ushamba wa kizungu, watu wazima kugombana juu ya kidonge kinachouzwa karibu na biskuti.

Halafu siku moja bintiye mzee mwingine akaja na kopo la vidonge vya manjano, eti ni vya viungo. Manjano! Hii hii ya pilau, wameisaga, wameitia kwenye vifuko, wanaiuza bei ya kuku mzima. Nikataka kumpa tu mzee wa watu. Msimamizi akanizuia, simu ikapigwa kwa mfamasia, mfamasia akafungua karatasi, akasema hapana, huyu anameza warfarini, damu yake inalindwa isigande, na vidonge vya manjano vyenye nguvu hivyo vinaweza kuivuruga. Dakika tano. Binti akarudi na kopo lake, hakuna aliyenuna.

Nikawaza kaveera ya Mama.

Mnaijua. Ule mfuko wa plastiki, ile nyeusi inayoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani. Kila nyumba yenye mzee ina moja. Ndani kuna vidonge vya presha, panadoli, Coartem iliyobaki nusu tangu malaria ya mwaka juzi, majani makavu ya mululuza, na diklofenaki ya maumivu ya magoti, inayonunuliwa dukani mbili mbili kama peremende. Hakuna aliyewahi kumwambia Mama kwamba diklofenaki inaweza kuipandisha presha ile ile anayoimezea kidonge kingine asubuhi. Nani angemwambia? Anayempa cha presha hajaiona kaveera, anayemuuzia diklofenaki hajui kama ana presha, na yule kijana wa chuma hataki kujua.

Najua mtakachosema. Huyu kala mkate wa Wazungu miaka sita sasa anatufundisha kumeza. Mwingine yuko tayari: hao wenye karatasi si ndio wanaotupa wazazi wao kwenye makao mkawaogeshe ninyi? Sawa. Ninawaogesha mimi, na kuna wengine nimewashika mkono wakikata roho mtoto wao wa Kizungu akiwa barabarani bado anatafuta maegesho. Ukiniuliza nataka kuzeekea wapi, nitajibu Busia kabla hujamaliza swali. Mama yangu anakaa kwenye mkeka na kunyanyuka bila kushika kitu, mara ishirini kwa siku, achilia mbali jembe. Huku kila Alhamisi tunamlipa mwalimu aje kuwafundisha wazee kusimama kutoka kwenye kiti, kwa sababu miguu yenye nguvu inazuia kuanguka kuliko kopo lolote. Saa nzima, kwa muziki, wasimame na kukaa. Mara ya kwanza nilitoka nje nikacheka mpaka machozi, halafu sikujua tena nilikuwa nacheka nini.

Kwa hiyo msinishike kwenye chakula. Kalo ya wimbi, dodo, yaani mchicha wetu, simsim, mukene, hapo tumewashinda na wanajua. Mimi nasema karatasi. Karatasi haihitaji Uzungu, inahitaji daftari la shilingi chache na mtu mmoja anayeweza kumwambia mzee, hiki acha. Kwetu kila mtu anamwambia mzee ongeza. Mchungaji anamwongezea mafuta, jirani mizizi, mwanaume anayesimama kwenye basi la Mbale anaanza na sala na kumalizia na chupa. Hakuna anayempunguzia.

Na msidhani huku hawaibiwi. Duka ninalonunua mboga lina rafu ya virutubisho ndefu kuliko ukumbi wa harusi, na sheria inavihesabu kama chakula, muuzaji halazimiki kuthibitisha kwanza, kama ilivyo kwa dawa, kwamba vinafanya kazi. Marekani ndiyo usiseme. Na hao hao Wamarekani ndio waliofanya utafiti unaoitwa VITAL, watu zaidi ya 25,000 wakapewa vitamini D, mafuta ya samaki au vidonge vitupu kwa miaka mitano hivi. Majibu ya 2018: havikupunguza saratani wala jumla ya matukio makubwa ya moyo na kiharusi. Ya 2022: vitamini D haikupunguza kuvunjika mifupa kwa watu wazima walioingizwa bila kuangaliwa kama wana upungufu. Hata kidonge changu cha jua, basi, ni cha mtu aliyepimwa akakutwa amepungukiwa, si cha kila apitaye. Kwa Mama anayeshinda sokoni juani karibu kabisa na ikweta, sijui mtu atamuuzia jua gani.

Vya mifupa alivyonunua ndivyo vinavyoniogopesha zaidi. Kwenye lebo ni mitishamba mitupu. Siku ya tatu magoti yalitulia kabisa, na mdogo wangu akaniambia kwa furaha, labda vinafanya kazi. Moyo ukaruka. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama virutubisho, kumbe ndani wamesagia deksamethazoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na hiyo hiyo diklofenaki. Ndiyo maana mtu anaamka anacheza. Deksamethazoni inapandisha presha na sukari, na ukiizoeza mwili halafu ukaacha ghafla, unaweza kuanguka. Sijui kama vya Mama vimo humo, na mashine ya kijana haipimi hilo. Nikamwambia mdogo wangu asivitupe tu, aende navyo kwa daktari.

Sasa niungame, kabla ndugu zangu hawajaniumbua.

Desemba 2022 nilirudi nyumbani na sanduku. Nilileta mafuta ya samaki, nikawaletea watu wanaouza samaki. Na nikamletea Mama kopo kubwa la glukosamini ya magoti, kubwa kama la rangi, kwa sababu dukani ukinunua moja walikuwa wanakuongeza moja. Mtaa mzima ulikuja kuliangalia. Sikujua kwamba Wamarekani walishaipima kwa wagonjwa zaidi ya 1,500 wa magoti, majibu yakatoka 2006: kwa jumla haikuzidi kidonge kitupu. Huku kwenye makao tunafuata miongozo inayosema wazi mgonjwa wa viungo asipewe. Nilipitisha kopo hilo uwanja wa ndege wa Entebbe kama nimebeba mtoto.

Na hilo kopo ndilo yule kijana aliloanza nalo. Mdogo wangu alikuwepo. Alisema: mnaona, hata mtoto wa Mama huyu aliyeko Ulaya anamtumia vya mifupa, anajua, ila vyetu vina nguvu zaidi. Akina mama wakageuka kumtazama Mama. Angefanyaje? Angesema mwanangu hajui?

Jana tukapiga simu ya video. Nikamwomba mdogo wangu aishushe kaveera msumarini na kuimwaga mkekani, kimoja kimoja, mimi nasoma huku naandika. Mama alinuna mwanzoni, akisema namkagua kama askari wa mpakani. Tulipofika kwenye diklofenaki akaishika na kuisogeza karibu na paja, nikajua hiyo itachukua simu nyingi. Vya presha vimerudi, saa moja asubuhi, na mjukuu ndiye anayetia alama kwenye daftari lake la hesabu, ukurasa wa nyuma.

Kopo langu la glukosamini lilikuwa la mwisho. Nikauliza vimebaki vingapi. Mdogo wangu akafungua kifuniko, akaligeuzia kwenye kamera: mbegu za dodo, zimejaa mpaka juu. Vidonge vyenyewe, Mama akasema, aliwagawia wageni mwaka ule ule, vilikuwa vinanuka.

Halafu akaisogelea simu mpaka nikaona jicho moja tu.

“Na wewe, mwanangu, leo umemeza cha jua?”

Nilikuwa nimesahau.