Chipu mpya, kichujio kilekile

Mtu ambaye usikivu wake umepungua mara nyingi hashindwi kusikia sauti, anashindwa kupata neno. Irabu zinamfikia, konsonanti zinapotea njiani. Mwenzake anasema "sisi", sikio linaokota "i-i", halafu ubongo unaanza kubahatisha: sisi? fisi? siki? Kwenye chumba kimya atamtazama msemaji mdomo na atapatia. Kwenye ukumbi wenye watu hamsini wanaoongea kwa pamoja, atatabasamu na kutikisa kichwa, akiomba Mungu kwamba hakuulizwa swali.

Ukumbi huo ndio watengenezaji wa vifaa vya kusikia, au shime sikio kama wengi tunavyoviita, wanaoupigania miaka hii. Na ndio uliowagawa watumiaji. Wapo wanaosema matoleo mapya yamewarudisha kwenye maongezi waliyokwisha kuyakimbia. Wapo wanaosema ni jina jipya kwenye ganda lilelile, tena linaloharibika upesi kuliko la zamani. Nimevaa vifaa hivi miaka mingi, na naona kila upande una hoja yake, ila hawajibu swali moja.

Wanaosifu hawatii chumvi. Kwa muda mrefu silaha kuu dhidi ya kelele ilikuwa maikrofoni mbili zinazoshirikiana: kinachotoka mbele ya uso kinapitishwa, kinachotoka nyuma kinapunguzwa. Ni ujanja mzuri mpaka anayekusemesha awe amekaa ubavuni, au kelele yenyewe iwe ni watu walio mbele yako. Oticon walipotoa kifaa chao cha More mwaka 2021, waliweka ndani yake mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, uliofunzwa kwa mandhari za sauti milioni 12. Agosti 2024 Phonak wakaja na Audéo Sphere Infinio, chenye chipu ya pili iitwayo DEEPSONIC. Kazi ya chipu hiyo ni kutenganisha usemi na kelele papo kwa papo, na akili mnemba yake ilifunzwa kwa sampuli za sauti milioni 22. Takwimu hizo ni za kampuni zenyewe, lakini masikio nayo yana ushahidi wao. Uwezo huo unapowaka, kelele haizimiki. Inarudi nyuma hatua kadhaa, na sauti ya mtu uliyekuwa umeshamkatia tamaa inabaki imesimama peke yake.

Gharama yake ni umeme. Kutenganisha sauti kwa namna hiyo kunakula betri, kwa hiyo ganda limekuwa kubwa kidogo, na kipengele chenyewe hakikukusudiwa kuwaka tangu alfajiri hadi usiku. Mwaka mmoja baadaye, 2025, kampuni hiyohiyo ikatoa toleo la Ultra. Aliyesema "ngoja kwanza" hakuwa mjinga.

Swali lenyewe ni hili: unashindwa kusikia wapi? Kama tatizo lako ni ukumbini, chipu mpya ina cha kukupa. Kama hata chumbani, mkiwa wawili, bado unauliza "unasemaje?", basi usiitazame chipu. Tazama namna kifaa kilivyopangwa. Mtaalamu wa usikivu anaweza kukiunganisha kwenye kompyuta, akaingiza odiogramu yako, yaani mchoro wa matokeo ya kipimo cha usikivu, akabonyeza kitufe, na programu ya kampuni ikakisia kiasi cha sauti unachohitaji. Mara nyingi ukisiaji huo hupunja sauti nyembamba za juu, zilezile zenye "s" na "f". Njia ya pili ni kupima ndani ya sikio lenyewe: kijibomba laini, chembamba, kinaingizwa mpaka karibu na ngoma ya sikio, kifaa kinavalishwa juu yake, na kompyuta inaonyesha sauti inayofika pale kweli. Haiumi, inatekenya tu, wala haichukui muda mrefu. Wengi wetu hatujawahi kufanyiwa. Kifaa cha kawaida kilichopimwa hivyo ningekichagua mbele ya kile cha kifahari kilichokisiwa.

Sasa uimara, ambako mimi nimeegemea upande wa wanaolalamika, ingawa si kwa sababu wanazozitaja.

Niliwahi kupata jozi mpya, nzuri, ya aina ambayo spika inakaa ndani ya tundu la sikio na waya mwembamba unapanda hadi kwenye ganda nyuma. Wiki ya tano sikio la kulia likaanza kufifia. Nikailaumu chipu, nikalaumu programu ya simu, nikazima na kuwasha mpaka nikachoka. Niliporudi kwa mtaalamu hakugusa hata kompyuta. Alitoa kijiti cha plastiki chenye ncha mbili, akachoma ncha moja kwenye mdomo wa spika, akavuta kitu kidogo kama punje ya ufuta kilichozibwa na nta, akageuza kijiti, akapachika kipya. Sekunde kumi. Spika yangu ilikuwa nzima, na chipu ya kisasa ilikuwa ikifanya mahesabu yake yote kwa ustadi na kuyapeleka kwenye mlango uliofungwa.

Kichujio hicho cha nta hakitajwi kwenye matangazo. Hakijabadilika sana kwa miaka mingi, na ndicho cha kwanza kutazamwa kifaa kikinyamaza. Baada yake inakuja unyevu. Karibu kila toleo jipya linajinadi kuwa na kiwango cha IP68, maana yake vumbi haliingii na kifaa kinahimili kuzamishwa majini kwa kina na muda uliotajwa na mtengenezaji. Ila kipimo hicho hufanywa kwa maji matamu, kifaa kikiwa kipya. Jasho lina chumvi, nalo hurudi kila siku. Anayefanya kazi ya kutoa jasho ana haki ya kushangaa kifaa "kisichoingia maji" kikifa baada ya mwaka, lakini aliahidiwa kitu kingine na yeye akasikia kingine. Samahani kwa utani huo.

Halafu betri, ambako nadhani tumepiga hatua moja mbele na moja nyuma. Betri ya kuchaji ni neema kwa mwenye vidole vinavyotetemeka. Anaweka kifaa kwenye chaja usiku, basi. Lakini betri hiyo huchoka kadiri miaka inavyokwenda, na kwenye matoleo mengi huwezi kuibadilisha mwenyewe. Siku haifiki tena jioni, kifaa kinarudishwa kiwandani, nawe unabaki kiziwi nusu kwa muda wa matengenezo. Betri ndogo za zinki zilisumbua, lakini zikiisha unapachika nyingine palepale. Leo toleo jipya linaweza kutoka bila hata chaguo la betri hizo. Hili ndilo lalamiko ninaloliunga mkono bila kusita: kampuni zimefanya uamuzi huo kwa niaba yetu.

Kuhusu kuunganishwa na simu sina mengi. Bluetooth ya kizazi kipya na Auracast, inayoweza kurusha sauti moja kwa wasikilizaji wengi kwa wakati mmoja, ni mambo mema. Ila zipo kumbi ambazo bado zinatumia mfumo wa zamani wa waya wa sumaku, unaopeleka sauti ya ukumbi moja kwa moja kwenye kifaa, na baadhi ya matoleo mapya yameondoa koili ya kuupokea. Uliza kabla ya kulipa.

Vipo pia vifaa visivyohitaji mtaalamu. Marekani iliruhusu viuzwe bila cheti cha daktari kuanzia Oktoba 2022, na Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaidhinisha programu inayozigeuza AirPods Pro, spika za masikioni za Apple, kuwa visaidizi vya kusikia kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani. Kwa anayeanza, au anayeona haya kuvaa shime sikio, ni mlango mzuri. Ila AirPods si za kuvaliwa siku nzima, wala si za mwenye upungufu mkubwa.

Je, ningenunua toleo jipya? Nimenunua, kwa sababu tatizo langu lipo ukumbini, na sijutii. Lakini lilipopata hitilafu na kuchukuliwa kwa wiki mbili, nilifungua droo, nikatoa jozi ya zamani ambayo jamaa zangu wote waliniambia niitupe. Nikachukua betri, nikabandua kibandiko cha rangi ya kahawia, nikaiacha dakika moja ipate hewa, nikaipachika. Kelele za ukumbi zilikuwa zilezile za siku zote, lakini aliyeniita kutoka chumba cha pili nilimwitikia.