Bomu chini ya meza

Jumamosi iliyopita pale Kirumba, Mwanza, kwenye kibanda cha kijana anayetuwekea muvi kwenye flashi, mteja mmoja alidai hela yake. Ni dereva wa bodaboda. Alikuwa ameshachagua The Sixth Sense, ile ya mwaka 1999 ya M. Night Shyamalan, na muvi ilikuwa imeshaanza kuingia kwenye flashi yake. Jamaa aliyekuwa anasubiri zamu akasema, kwa nia njema kabisa: "Hiyo kali, kaka. Kumbe yule daktari alishakufa toka mwanzo." Dereva akanyoosha mkono, akachomoa flashi. "Nirudishie changu. Sasa nikaangalie nini?"

Palepale tukagawanyika. Wengi walisimama na dereva: muvi ni mwisho wake, na aliyekuambia mwisho amekula uhondo wako. Wachache tukabisha. Tulibishana kwa kelele, na nikaondoka sijaridhika na nilichojibu. Naandika kwa sababu naona upande wetu hausikilizwi sawasawa. Siku hizi mtu akisifia muvi, sifa ya kwanza ni kwamba huwezi kuotea inavyoisha. Muongozaji anayekuonyesha mapema kitakachotokea, halafu akakukalisha unakisubiri, anaonekana hajui kazi. Mimi naona huyo ndiye mwenye kazi ngumu zaidi.

Alfred Hitchcock, muongozaji Mwingereza wa muvi za taharuki, aliwahi kulieleza jambo hili kwa mfano unaojulikana sana. Mwaka 1962 alifanya mazungumzo marefu na muongozaji Mfaransa François Truffaut, ambayo baadaye yalitoka kama kitabu. Alimwambia hivi: chukulia watu wawili wamekaa mezani wanapiga soga. Chini ya meza kuna bomu, nasi watazamaji hatujui. Linalipuka. Tumeshtuka kwa sekunde 15. Sasa chukua watu walewale na soga zilezile, ila safari hii tumemwona aliyelitega, tunajua litalipuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inasema saa saba kasorobo. Hapo tumepewa dakika 15 za taharuki.

Watu wengi wakisikia mfano huu wanaishia kwenye hesabu. Ni kweli dakika 15 ni mara 60 ya sekunde 15, lakini wingi wa muda pekee hausemi kitu, maana hata muvi mbovu inaweza kukuweka masaa matatu. Mimi nazitazama zile soga. Katika muvi ya kwanza soga ni pumba. Bomu likishalipuka hukumbuki hata neno moja. Katika ya pili kila neno lina uzito. Mmoja akisema "agiza chai nyingine", unatamani umzibe mdomo. Mwingine akiangusha kijiko na kuinama kukiokota, unasogea mbele kwenye kiti: je, ataliona? Kijiko ni kilekile na chai ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba wewe mtazamaji umepewa siri, na siri hiyo inakulazimisha umjali mtu ambaye dakika moja iliyopita hukuwa na habari naye.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video ya Igogo na Mabatini hatukuhitaji Mwingereza atufundishe hili. Kiingilio kilikuwa shilingi mia, benchi za mbao, turubai jeusi dirishani, na televisheni ya chogo iliyofungiwa kwenye sanduku la chuma. Muvi nyingi zilikuwa zimetafsiriwa. Ni kazi iliyomfanya mtu kama Lufufu ajulikane nchi nzima: mtafsiri anazungumza juu ya picha, anasimulia, anaonya, anatabiri. Nakumbuka picha moja ambayo adui amejificha nyuma ya pazia chumbani kwa steringi. Tumeshaona ncha za viatu vyake chini ya pazia, na mtafsiri ameshashusha sauti akatwambia huyo hakuja kusalimia. Steringi anaingia. Anawasha taa. Anavua koti, anakunywa maji, anakaa kitandani anaanza kufungua kamba za viatu, mguu mmoja, kisha wa pili. Banda zima linapiga kelele: "Nyuma yako! Geuka wewe!" Mama aliyekuwa akiuza karanga mlangoni aliingia na sinia lake kichwani, akasimama katikati ya njia, na hakuna aliyemwambia apishe.

Tulikuwa tumeshaambiwa adui yuko wapi. Zaidi ya hapo, kila mtoto wa banda alikuwa anajua sheria kwamba steringi hafi. Kwa hiyo kwa hesabu za yule dereva tulikuwa tumeharibiwa uhondo mara mbili. Mbona viganja vyetu vilikuwa vimelowa jasho?

Hapa Mwanza tuna simulizi moja ambayo hakuna asiyejua mwisho wake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba, ilipinduka ikiwa karibu kufika Mwanza. Mamia ya watu walipoteza maisha, na wapo waliozikwa pale Igoma. Nimeisikiliza habari hiyo kwa watu wengi, msibani, kwenye kivuko, hata kwa fundi viatu. Sijawahi kumsikia hata mmoja akificha kwamba meli ilizama. Anaanza na kuzama, ndipo anarudi nyuma: shangazi alivyoharakisha kazi awahi tiketi ya siku hiyo, mikungu ya ndizi ilivyofungwa, mtoto aliyeachwa nyumbani dakika za mwisho kwa sababu ya homa. Unamsikiliza mtu anayepigania nafasi ya kupanda, na unataka aikose. Sisemi msiba na muvi ni kitu kimoja. Lakini angetokea msimuliaji akatuficha hatima ya shangazi huyo ili atushtue mwishoni, tungeona amekosa adabu. Wanaosimulia wanajua, bila kusomea popote, kwamba anayejua mwisho ndiye anayesikiliza kwa makini zaidi.

Upande wa pili una hoja, na nzito. Ya kwanza inatoka kwa Hitchcock mwenyewe. Alipotoa Psycho mwaka 1960 aliweka sharti kwamba hakuna atakayeingia ukumbini baada ya picha kuanza, akawaomba watazamaji wasiwasimulie wengine mwisho. Mtaalamu wa taharuki alilinda siri yake kama askari. Miaka mitano kabla yake, muongozaji Mfaransa Henri-Georges Clouzot alimaliza picha yake Les Diaboliques kwa maandishi ya kumwomba mtazamaji asiwaharibie wenzake. Wakubwa hawa hawakuona aibu kumshtua mtu, na anayesema mwisho wa kushtukiza ni ujanja wa watoto inabidi awajibu wao kwanza.

Hoja ya pili ni kwamba taharuki nayo inaweza kumsaliti mtazamaji. Kwenye Sabotage, picha ya Hitchcock ya mwaka 1936, mtoto anatumwa kupeleka kifurushi, hajui ndani kuna bomu. Sisi tunajua, na tunajua litalipuka saa nane kasorobo. Mtoto anachelewa njiani, anasimamishwa na mchuuzi wa sokoni, anapanda basi, anacheza na mbwa mdogo wa abiria jirani. Bomu linalipuka na mtoto anakufa. Watazamaji walikasirika, na Hitchcock alikiri kwa Truffaut kwamba alikosea: ukishamfanya mtu ahofie kwa muda wote huo, unadaiwa kumpa nafuu. Nakubali. Taharuki ni deni, na muongozaji asiyelipa anaudhi kuliko yule aliyekushtua tu akaondoka.

Kuna na watafiti. Mwaka 2011 wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwasomesha watu zaidi ya 800 hadithi fupi 12, wengine wakiambiwa mwisho kabla. Hadithi nyingi zilipendwa zaidi na walioambiwa. Wenzangu wa upande huu huishia hapo wakashangilia, jambo ambalo si haki, kwa sababu miaka michache baadaye utafiti mwingine ulipata kinyume chake. Isitoshe, zote mbili zilihusu kusoma, siyo benchi la Igogo. Siwezi kumaliza ubishi wa Kirumba kwa tafiti hizo.

Ninachoweza kukionyesha ni Vertigo, picha ya Hitchcock ya mwaka 1958. Mpelelezi aliyeacha kazi anampenda mwanamke, anamwona akianguka mnarani na kufa, kisha anakutana mjini na mwingine anayefanana naye kupita kiasi. Riwaya ya Kifaransa iliyozaa picha hii, ya Boileau na Narcejac, inaficha mpaka mwisho kwamba wanawake hao ni mtu mmoja, na kwamba kifo kile kilikuwa mchezo wa kuficha mauaji ya mke wa mtu. Hitchcock aliitoa siri nje wakati picha bado ina kama nusu saa mbele: mwanamke anakaa, anaandika barua ya kukiri yote, halafu anaichana. Alimweleza Truffaut kwamba watu wote waliomzunguka walipinga, wakitaka siri ikae hadi mwisho. Hakuwasikiliza.

Tazama alichokipata. Mwanamume anampeleka yule mwanamke dukani, anamtafutia suti ya kijivu ileile ya marehemu. Anamlazimisha abadili rangi ya nywele. Akitoka saluni nywele zikiwa hazijafungwa nyuma, anamwambia bado, zifungwe. Kama tusingejua kitu, tungemwona mwanamume aliyechanganyikiwa kwa mapenzi, na mwanamke mpole anayemvumilia. Kwa kuwa tunajua, kila kipande cha nguo anachokivaa kinamsogeza karibu na kukamatwa, na anakivaa kwa sababu anampenda. Hilo haliwezekani kwa mtazamaji aliyefichwa. Wengi hawakuielewa picha hiyo ilipotoka. Mwaka 2012 kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound la Uingereza iliiweka nafasi ya kwanza, ikaiondoa Citizen Kane iliyokaa hapo kwa miaka 50.

Nimemtendea Shyamalan isivyo haki kama nitaishia hapa, maana muvi yake siyo kitendawili cha kutegua mara moja ukatupa. Iligharimu dola milioni 40 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 670, na fedha za namna hiyo hazitoki kwa watu walioangalia mara moja tu. Walirudi. Walirudi wakiwa wanajua, wanataka kuona rangi nyekundu ilivyotegwa hapa na pale, na jinsi ambavyo hakuna mtu anayezungumza na daktari isipokuwa yule mtoto anayeona wafu. Mara ya kwanza wameshtushwa. Mara ya pili wamekaa na siri ambayo daktari mwenyewe hana, wanamwona akihangaika kuwafikia watu wasiomsikia. Mara ya pili hiyo, kwa maneno ya Hitchcock, ni taharuki tupu. Mwisho wa kushtukiza ukitengenezwa vizuri unamwandaa mtu kwa utazamaji ulio bora kuliko ule wa kwanza, na yule dereva alikuwa ameupata huo bila kulipia wa kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyotaka kumwambia Jumamosi. Nilimkuta juzi kijiweni kwao, jirani na Mwaloni, ameegesha pikipiki anasubiri abiria. Nikamwambia arudi akaichukue, na awe na subira mpaka daktari anapochelewa kwenye chakula cha jioni na mkewe, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Daktari anakaa. Anaomba radhi, anaongea, anaongea. Mke hainui uso. Bili inaletwa, daktari ananyoosha mkono, mke anaivuta upande wake.

"Sasa hapo mimi nimwangalie nani, kaka?"

Nikamwambia amwangalie mke.

Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama mke alikuwa amevaa nyekundu.