Panya anayejichubua na mtoto anayejiuma mkono

Ukiwaambia watu hapa Mombasa ati kuna wanasayansi wazima wanaotafiti usonji (autism) wanakaa na saa wakihesabu panya amejisafisha sekunde ngapi, wapate kuelewa vile vitendo vya kurudiarudia vya wenye usonji, baraza zima lacheka. Mzazi mmoja wa Kisauni alinijibu kwa hasira kabisa, yeye kijana wake ana usonji, hasemi, therapi ni pesa asizokuwa nazo, halafu wazungu wako huko wachezea panya. Hasira yake naielewa lakini naona hawa watu wa panya twawalaumu bure, ama tuseme nusu bure.

Kipimo chenyewe ni cha kuchekesha kweli. Panya anawekwa kwenye kijumba kitupu, dakika 10 za kuzoea, 10 nyingine wanahesabu muda anaojilamba na kujipangusa. Ama anapewa goroli 20 juu ya maranda, baada ya nusu saa wanaangalia kafukia ngapi. Kujilamba kwa panya si sawa na mtoto mwenye usonji kupepesa mikono, na hakuna mtafiti wa maana anayesema ni sawa.

Sasa njoo kwa jeni ya Shank3. Ikiharibika kwa binadamu yaweza kuleta usonji, ingawa ni wachache sana, kama asilimia 1 hivi ya wenye usonji wote. Mwaka 2011 timu ya Guoping Feng, mtafiti wa ubongo, ilieleza panya walioharibiwa jeni hiyo, na hawa hawakuwa wakijisafisha tu, walikuwa wajichubua mpaka ngozi yatoka vidonda, na kasoro ikaonekana kwenye striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kuanza kitendo na kukiacha. Halafu 2016 maabara hiyohiyo ikaiwasha ile jeni kwa panya ambao tayari ni wazima, si watoto, na kujichubua kukapungua, wakaanza na kukaribia wenzao. Wasiwasi haukutoka, wala mwili haukupata wepesi, hivyo viwili vilitaka jeni irudishwe mapema utotoni. Hebu fikiria hapo. Wazazi wangapi wameambiwa mtoto akishapita umri fulani basi imekwisha, na huyu panya aonyesha kwamba kuna kitu kinachokwisha na kuna kitu ambacho mlango wake bado uko wazi ukubwani, na vile vitendo vya kurudiarudia vimo kwenye hicho cha pili! Jaribio kama hilo huwezi kumfanyia mtoto wa mtu.

Wapinzani wa utafiti wa panya nao wana hoja nzito. Dawa za aina ya mavogluranti zilifanya vizuri kwa panya wa Frajaili X, ugonjwa wa kurithi ambao mara nyingi huja na usonji, kwa wagonjwa zikashindwa. Lakini namba inayonikera mimi ni nyingine, ya mwaka 2009 kule Marekani, watoto 149 wenye usonji, wiki 12, nusu sitalopramu, dawa ya mfadhaiko, nusu kidonge kisicho na dawa. Waliopata nafuu upande wa dawa ni asilimia 32.9, upande wa kidonge kitupu 34.2. Yaani kitupu kilitangulia, na waliomeza dawa ndio waliopata madhara zaidi, pamoja na kuhangaika na kukosa usingizi. Watu huitaja hii kuwacheka watu wa panya, ilhali dawa ile haikutoka kwa panya wa usonji, iliazimwa kutoka kwa wagonjwa wa OCD, wale wa kunawa mikono mara mia kwa siku, kwa sababu vitendo vilifanana kwa nje. Kufanana kwa nje ndiko kulikowaponza, na kujua ndani kuna nini huwezi bila mtu kukaa na ubongo wa mnyama.

Ila kuna watu wazima wenye usonji wanaosema kupepesa mikono kwawatuliza, waacheni, na hapo sina la kubishana. Mtoto anayezungusha kifuniko cha chupa barazani hana haja na dawa ya mtu, akizuiwa ni kwa sababu wageni wanatazama. Anayejiuma mkono mpaka damu ni habari nyingine, na yule panya mwenye vidonda amhusu huyu.

Kilifi hapo mradi wa NeuroDev umekuwa ukikusanya damu za watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, kwa sababu jeni nyingi zinazojulikana zilitafutwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Jeni mpya ikipatikana huko itabidi mtu aitie kwenye panya aone yafanya nini, maana ubongo wa mtoto wa Mtwapa hakuna atakayekubali ufunguliwe.