Tairi kipara bado mnapakia abiria?

Jamani hii tabia ya tairi kipara inanikera sana. Juzi nimekata tiketi ya kosta ya mkoani, nikainama nicheki tairi za mbele, kashata (yale meno ya tairi) hamna, waya zimeanza kuchungulia pembeni, namuuliza konda ananijibu "dada we panda tu, hii inafika". Inafika vipi na mvua hii? Zile kashata ndo zinatoa maji chini ya tairi, zikiisha gari inaelea, breki unakanyaga bure! Nikashuka, na nauli hawajarudisha.

Halafu hizi za mtumba, wanazipaka dawa zinang'aa mtu anajua kapata kitu kumbe ubavuni kuna namba nne, mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka, yani 2312 ni wiki ya 23 mwaka 2012, raba ishakauka ina nyufa lakini kashata bado nene ndo maana watu wanaingia mkenge. Weka hiyo kwenye lami ya Chalinze saa nane mchana, mzigo umejaa, upepo wenyewe wamepima kwa kupiga teke. Si inapasuka? Na ndani kuna watoto wa watu.